Kiboko si Samaki: Kuwafundisha Watoto Wetu Viumbe Hai na Makazi Yanayobadilika

Hotuba ya walimu wa sayansi waliotoka Kabezi na Rumonge, iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



  Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema machache juu ya somo la sayansi. Tulipopokea barua ya Kamati tulijiuliza kama katika siku ya kumbukumbu kama hii kuna mtu anayetaka kusikia habari za samaki na mijusi. Tulikaa tukazungumza, tukaona kwamba somo hili linatuhusu sisi wakimbizi kuliko tulivyodhani. Ndiyo maana tumesimama hapa.

Sisi tunaozungumza ni walimu watatu. Wawili tumezaliwa Kabezi, kusini mwa Bujumbura, pale ambapo milima inakaribia kulikanyaga Ziwa Tanganyika. Mwenzetu mmoja ni wa Rumonge, nchi ya mawese. Tulisoma chuo cha ualimu nyumbani, tukafundisha miaka michache, kisha mwaka 2015 tukavuka mpaka kama wengi wenu. Watoto tunaowafundisha leo wengi wao walizaliwa mwaka ule au baadaye. Wazazi wao ni watu wa ziwa, lakini wao ziwa hawajaliona. Wanalijua kwa masimulizi tu, kama vile mtu anavyomjua babu aliyefariki kabla hajazaliwa.

Basi tulianza hivi. Hatukuwa na vitabu vya kutosha, wala picha za kubandika ukutani. Tulichana maboksi, tukachora kwa mkaa mnyama mmoja kwa kila kipande: kiboko, mamba, kambare, swila wa maji, chura, popo, kunguru, kinyonga, panzi na konokono. Tuliwagawa watoto makundi matatu chini ya mwembe, tukawaambia: "Wapangeni wanyama hawa." Hatukuwaambia wawapange kwa namna gani.

Kundi la kwanza liliweka kiboko, mamba, kambare, chura na swila wa maji mahali pamoja. Tulipouliza sababu walijibu: "Hawa wote ni wa majini." Kundi la pili liliweka popo, kunguru na panzi pamoja, kwa kuwa wote huruka. Kundi la tatu lilipanga wanaoliwa na wasioliwa. Hapo palizuka ubishi mkubwa, maana mmoja alisema kwao panzi ni kitoweo kizuri, na jirani yake akatema mate.

Hatukuwaambia kwamba wamekosea. Kila kundi lilikuwa na kanuni yake na lilikuwa limeifuata. Mama anayepika ana haki ya kupanga wanaoliwa na wasioliwa, na mvuvi ana haki ya kupanga wa majini na wa nchi kavu. Tuliwaeleza tu kwamba mwanasayansi ana swali lake, nalo ni hili: nani ni ndugu wa nani? Kulijibu, haitoshi kutazama mnyama anaishi wapi au anafanya nini. Lazima utazame mwili wake umejengwaje, anapumua vipi, na anazaa vipi.

Tukarudi kwa kiboko. Tuliuliza: anapumua kwa nini? Wazee wa Kabezi wanajua kwamba kiboko huibuka kila baada ya dakika chache kuvuta hewa. Basi ana mapafu, hana matamvua kama kambare. Anataga mayai? La, anazaa mtoto na kumnyonyesha, hata chini ya maji. Anakula nini? Usiku hupanda nchi kavu kula majani kama ng'ombe. Binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema: "Kumbe kiboko ni ndugu wa ng'ombe kuliko kambare." Tulimpigia makofi. Kisha tukawaongezea jambo ambalo hata sisi lilitushangaza tulipolisoma: miongoni mwa wanyama wote walio hai, ndugu wa karibu zaidi wa kiboko ni nyangumi wa baharini.

Kwa njia hiyo watoto walijipatia wenyewe makundi matano ya wanyama wenye uti wa mgongo. Samaki wana matamvua na mapezi. Amfibia, kama chura, huanza maisha majini wakiwa viluwiluwi, kisha wengi wao hupata mapafu na kutoka. Reptilia, kama mamba, kinyonga na nyoka, wana ngozi kavu yenye magamba na hupumua kwa mapafu, hata wakiishi majini. Ndege wana manyoya na mayai yenye ganda gumu. Mamalia wana nywele na hunyonyesha, na popo yumo humo ingawa anaruka. Panzi na konokono walibaki peke yao, na hapo watoto wakajifunza kwamba wanyama walio wengi duniani hawana uti wa mgongo kabisa.

Swila wa maji alituletea kazi. Nyoka huyu yumo ziwani mwetu, na wavuvi wa Kabezi na Rumonge wanamfahamu. Anazamia, anakula samaki, anajificha kwenye mawe ya ufukweni. Mtoto mmoja alishikilia kwamba ni samaki mrefu. Mzee mmoja wa kijiji chetu, mvuvi wa zamani, alikuwa amekaa karibu akisuka kikapu. Alisema: "Mjukuu wangu, nimemwona akiibua kichwa kuvuta hewa. Samaki haibui kichwa kuvuta hewa hivyo." Tangu siku hiyo mzee huyo ni mwalimu wetu wa nne, ingawa hana cheti.

Ndugu zetu, jambo la pili ni majina. Sisi Warundi tunasema mukeke. Wenyeji wa Kigoma wanasema mgebuka. Wazambia wa kusini mwa ziwa wanasema bukabuka. Watoto walidhani ni samaki watatu. Ni samaki mmoja yule yule mwembamba anayewinda katikati ya ziwa. Tena kuna ndagala, ambao Kigoma ni dagaa na Zambia ni kapenta. Fikirini watu wa nchi nne wanakutana kuzungumza juu ya kulinda samaki, na kila mmoja ana jina lake. Watabishana kutwa nzima, kumbe wanasema jambo moja.

Tatizo hili ndilo lililomsumbua Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyezaliwa mwaka 1707. Mwaka 1735 alitoa kitabu cha kupanga viumbe, na katika toleo la mwaka 1758 aliwapa wanyama majina ya maneno mawili ya Kilatini, la kwanza kama jina la ukoo na la pili kama jina la mtu mwenyewe. Kwa mpango huo mukeke, mgebuka na bukabuka wote ni Lates stappersii. Jina hilo halifuti jina la nyumbani. Mama ataendelea kuuza mukeke sokoni. Lakini mtoto anayeyajua yote mawili anaweza kuzungumza na mama sokoni na pia na mtafiti wa Lusaka.

Tuliwafundisha pia kutoamini kabla ya kutazama. Waliotoka Kabezi wanalijua jiwe la Mugere, karibu na barabara ya kwenda Bujumbura, lililochongwa tarehe ya 25 Novemba 1871. Wakati ule wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho yao kwamba unaingia. Watu wanaoishi mdomoni mwa mto walikuwa wakilijua jambo hilo siku zote. Basi tuliwaambia watoto: tazama mwenyewe, na muulize mwenyeji.

Sasa tuje kwenye makazi. Kiumbe hakielezeki bila mahali kinapoishi. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolishinda kwa kina. Mtoto akisikia hivyo anadhani samaki wamejaa hadi chini. Sivyo. Kuanzia mita 100 hivi upande wetu wa kaskazini, na mita 200 na zaidi upande wa kusini, maji hayana oksijeni, na samaki hawezi kuishi humo. Uhai karibu wote wa ziwa uko kwenye tabaka la juu, kama utando wa maziwa juu ya sufuria.

Katika tabaka hilo kila mmoja ana chumba chake. Kuna samaki wa mawe wanaokwangua ukoga kwenye miamba. Kuna wadogo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono waliokufa. Kuna mama samaki wanaobeba mayai na watoto mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea. Kuna hata yavuyavu, mnyama laini asiye na mfupa, mwenye ukubwa wa sarafu. Jamaa zake wengi wanaishi baharini, lakini yeye yumo katika maji baridi ya ziwa letu. Katikati ya ziwa ndagala hupanda usiku kufuata viumbe vidogo mno vinavyoelea, mukeke huwafuata ndagala, na mvuvi huwasubiri wote kwa taa.

Mfuatano huo unategemea upepo. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huyatikisa maji na kupandisha rutuba iliyozama. Bila rutuba hiyo, vile vidogo vinavyoelea hupungua, ndagala hukosa chakula, na njaa hupanda ngazi mpaka kwa mvuvi. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly waliandika kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, yamekuwa mepesi, na hayachanganyiki tena vizuri na ya chini. Walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki huenda walipungua kwa asilimia 30. Ongezeni nyavu zenye matundu madogo na udongo unaoshuka kutoka milima iliyokatwa miti, ukafunika mawe ambayo samaki hulia na kuzalia. Ndiyo maana Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa.

Na ufuko wenyewe umehama. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie, na maji mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Mvua ikizidi kwa miaka, ziwa hupanda. Lilipanda mwaka 1964, na miaka hii limepanda tena hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Gatumba na Rumonge ziliingia maji, nyumba zikaachwa, watu walioishi ufukweni wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao. Mwezi wa Aprili 2024 serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa kwa ajili ya mafuriko hayo. Maji yakipanda, kiboko na mamba nao huhama. Njia ya kiboko iliyokuwa kwenye majani sasa inaweza kupita uani kwa mtu. Tunazo sababu za kulisema hili, na tutarudi kwake.

Baada ya kusema mambo ya mbali, watoto walituuliza: "Na hapa kambini?" Lilikuwa swali zuri, na jibu lake lilitupa fundisho sisi wenyewe.

Nyuma ya madarasa yetu kulikuwa na shimo lililobaki baada ya kufyatua matofali. Mvua za kwanza ziliponyesha lilijaa maji. Tuliliona ni zawadi. Tuliwaambia watoto walitazame kila wiki na kuandika. Wiki ya kwanza waliandika "maji na udongo". Kisha wakaandika utelezi wa kijani, kisha wadudu wanaotembea juu ya maji, kisha mayai ya chura kama shanga, kisha viluwiluwi, kisha mdiria aliyekuja kuwinda. Mahali pasipokuwa na kitu palikuwa pamekuwa kijiji. Tulifurahi sana. Wafanyakazi wa afya walipopita na kusema mashimo yote yafukiwe, tuliwaomba watuachie hilo moja kwa ajili ya somo.

Tulikuwa tumewafundisha watoto kutofautisha mabuu ya mbu. Mabuu ya kuleksi, mbu wa kawaida, huning'inia kichwa chini, na hutoa bomba la kupumulia juu. Mabuu ya anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hayana bomba hilo. Hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Asubuhi moja mvulana wa darasa la tano alikuja na kopo la maji kutoka shimoni. Hakusema neno, aliliweka tu mezani. Tulitazama. Yalikuwa yamelala sambamba, mengi.

Ndugu zetu, anofelesi hupenda hasa maji ya namna ile: ya mvua, yaliyotulia, yanayopigwa na jua. Tulilijua jambo hilo kutoka chuoni. Tulikuwa tumeliandika ubaoni. Lakini tulipenda somo letu kuliko tulivyotazama nyumba zilizo karibu. Majira yale malaria ilisumbua sana kijiji kilicho nyuma ya shule. Hatuwezi kusema ni shimo letu lililoleta ugonjwa, kwa maana mashimo yalikuwa mengi. Hatuwezi pia kusema kwamba halikuchangia. Siku ile ile tulichukua majembe pamoja na wanafunzi tukalifukia. Leo mbele yenu tunaomba radhi kwa familia zile, na kwa wahudumu wa afya tuliowazuia.

Yule mvulana ndiye aliyelielewa somo. Wengine waliandika majina daftarini na kupata alama. Yeye aliona tofauti kati ya viumbe viwili vinavyofanana, akajua tofauti ile ina maana gani kwa wadogo zake, akachukua hatua. Kama kuna mtu atatuuliza kwa nini tunapoteza saa nzima kupanga wadudu wakati watoto hawana madaftari, tutamwonyesha kopo lile.

Jambo la mwisho ni zito kidogo. Siku moja, tulipomaliza kuandika makundi yote ubaoni, mtoto aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, na mkimbizi yuko kundi gani?" Wenzake hawakucheka. Walisubiri.

Tulijibu kwamba mkimbizi si aina ya kiumbe. Ukimbizi ni jambo linalompata mtu anapolazimika kuacha makazi yake. Kiboko aliyehamishwa na mafuriko anabaki kiboko. Binadamu wote waliopo duniani, wa kambini na wa mjini, mfanyakazi wa shirika na anayepanga foleni ya mgao, ni spishi moja, Homo sapiens. Ukichukua watu wawili wowote, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya miili yao yanafanana kwa asilimia 99.9.

Tulilazimika kulieleza hili vizuri, maana sisi Warundi tunajua kupanga watu kunavyoweza kuishia. Mwaka 1972 machafuko yalianzia huko huko kwetu, ukanda wa Rumonge na Nyanza-Lac, yakaenea nchi nzima, na watu wengi mno waliuawa. Mwaka 1993 yakarudi. Wapo waliokufa kwa sababu ya kundi walilohesabiwa kuwa ndani yake, si kwa sababu ya walichotenda. Hatutaki mtoto hata mmoja atoke darasani kwetu akidhani kwamba sayansi ya kupanga viumbe ndiyo inayofundisha hayo. Hatukuwaficha pia kwamba Linnaeus mwenyewe aliteleza hapo. Aligawa binadamu makundi manne kwa mabara na rangi, akaandika tabia za kila kundi, na Waafrika akawapa maneno ya dharau. Alikuwa stadi wa kutazama mimea, lakini kwa watu aliandika asichokitazama. Sayansi ya baadaye imemsahihisha. Tuliwaambia watoto: mpangaji akianza kupanga watu, muulizeni ametazama nini, na anataka kufanya nini na makundi yake.

Ndugu Mwenyekiti, kwa hayo tunaomba kutoa maombi yetu manne.

Kwanza, kwa wazee wetu wavuvi na akina mama mliouza samaki Kabezi, Magara, Minago na Rumonge. Njooni darasani. Mnayo maarifa yasiyo katika kitabu chochote tulichonacho: rangi ya kuhe akiwa na mayai, mahali ndagala wanapokwenda mwezi ukiwa mpevu, mlio wa kiboko mwenye mtoto. Mkiondoka bila kuwasimulia watoto, mtaondoka nayo.

Pili, kwa wazazi. Mtoto akiuliza jina la mdudu, msimwambie anyamaze. Kama hamjui, semeni "twende tukamtazame." Samaki mkunje angali mbichi, na udadisi wa mtoto ukikaukia nyumbani, mwalimu hataweza kuulainisha tena.

Tatu, kwa wafanyakazi wa mashirika. Tunashukuru kwa miche ya miti na kwa mafunzo ya majiko yanayotumia kuni chache. Tunawaomba msituone kama watu wasiojua thamani ya msitu. Mama anayekata tawi anajua kwamba mwakani atatembea mbali zaidi, lakini leo maharage hayaivi kwa maji baridi. Tupeni njia nyingine ya kupikia, na tupeni vitabu vya sayansi vya Kiswahili na Kirundi, hata vichache, vyenye picha za viumbe wa huku.

Nne, kwa Kamati. Familia zinaandikishwa kurudi, na nyingine zitafuata. Tunaomba watoto wote wanaorudi ukanda wa ziwa wapewe kwanza wiki moja ya masomo juu ya ziwa. Mtoto aliyekulia katika msitu wa miombo hajui kwamba alfajiri na magharibi hachoti maji peke yake ufukweni. Hajui kusimama mbali na njia ya kiboko. Hajui kutofautisha gogo na mamba. Amesikia habari za Gustave, yule mamba mkubwa wa Rusizi ambaye Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia na kumpa jina, akakadiria urefu wake kuwa zaidi ya mita 6, na anadhani ni hadithi ya kutishia watoto. Ziwa analorudia si lile wazazi wake walilolikimbia. Mwembe waliomwambia umesimama ufukweni huenda sasa umesimama majini. Hatuwezi kumpa ramani ya mahali ambapo sisi wenyewe hatujapaona kwa miaka mingi. Tunaweza kumpa macho ya kutazama na maswali ya kuuliza: hiki ni kiumbe gani, kinaishi kwa nini, na mahali hapa pamebadilika vipi?

Tunamaliza kwa kumtaja yule binti aliyesema kiboko ni ndugu wa ng'ombe. Familia yake iliondoka na msafara wa kurudi Burundi. Kabla ya kupanda basi alituomba kipande kile cha boksi chenye picha ya kiboko. Tulimpa. Miezi kadhaa baadaye mjomba wake alitupigia simu kutoka Kabezi. Alisema jioni moja watoto walikuwa wakicheza karibu na maji yaliyopanda, wakaona masikio mawili na macho juu ya maji, wenzake wakadhani ni samaki mkubwa na kutaka kumrushia mawe. Binti huyo aliwavuta nyuma kwa mikono akipiga kelele kwamba yule hupumua, hutoka majini, tena hukimbia.

 Mungu awabariki watoto wetu, walioko hapa na waliotangulia kurudi.